Kura Moja Iliyoharibika

Darasa la tatu, Kabanlutan, kisiwa cha Panay.
Ubaoni jedwali la saba limefunikwa nusu
kwa karatasi ya kuhesabia.
Mwalimu Perlita Sumagaysay ana kalamu nyekundu sikioni,
na tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni
ila biskuti, na kahawa ya mtu
asiyekumbuka ni wakala wa nani.
Mimi niko nyuma, mgeni, beji ya mtazamaji shingoni.

Vijiti vinne, cha tano kinalala juu yao.
Vijiti vinne, cha tano kinalala.
Magbanua. Magbanua. Delfinado. Magbanua.
Mawakala wanarefusha shingo kama bata.
Dirishani, vichwa vya watoto
wanaojua kila mwandiko ni wa mama wa nani.

Wiki iliyopita Magbanua aligawa mchele, kilo mbili mbili.
Delfinado aligawa bahasha.
Watu walipokea vyote, wakashukuru kotekote,
wakarudi nyumbani kufikiri.
Usiwacheke. Mchele ule
ndio serikali pekee iliyowahi kupiga hodi kwao.

Saa nne usiku, jenereta inakohoa:
mia mbili kumi na mbili kwa Magbanua,
mia mbili kumi na mbili kwa Delfinado,
na karatasi moja chini kabisa ya sanduku,
imekunjwa mara nne kama barua ya mapenzi.

Perlita anaikunjua.
Penye nafasi ya jina, kwa herufi kubwa zilizopinda,
mtu ameandika: DARAJA.

"Hakuna mgombea anayeitwa Daraja," akasema wakala wa kwanza.
"Hakuna," akasema wa pili,
na hilo ndilo neno pekee walilokubaliana tangu mwezi wa tano.
Kitabu cha kanuni kikafunguliwa, wakalamba vidole,
ukurasa ukapatikana:
kura hii imeharibika.

Kwetu tunasema penye wengi hapaharibiki neno.
Nimeitumia methali hiyo harusini, kwenye vikao vya ushirika,
na mara moja mbele ya wanafunzi, kidole juu.
Lakini pale, kati ya watu mia nne ishirini na tano,
kilichoharibika kilikuwa neno.
Kura nyingine zote zilikuwa majina.
Tumewazoesha watu swali moja, *nani*,
kisha tunashangaa mmoja anapojibu *nini*.
Kwenye fomu yangu kulikuwa na kisanduku.
Nikaandika 1.

Kanuni ya sare ni fupi: sarafu.
Peso tano, ya kuazima kwa muuza mishikaki.
Ikapaa, ikagonga boriti, ikabingirika chini ya madawati,
na mwenyekiti mpya akatafutwa kwa magoti,
watu wazima wanne wakipapasa sakafu kwa tochi za simu.
Magbanua.
Delfinado akampa mkono. Mkono ule,
niseme kweli, ulinitoa machozi.
Hakuna aliyekwenda nyumbani kuchukua panga.
Nimefika nchi ambako sare kama ile
huhesabiwa tena kwa maiti.
Hilo si dogo, siliuzi kwa bei ya kejeli.
Ila usiku nikiwa kwenye mkeka nilijiuliza
kama amani ndiyo nyumba yenyewe
au ni kiwanja tu, na hatujaanza kujenga.

Asubuhi Perlita alivua viatu ukingoni,
akakunja sketi, akaingia mtoni na wanafunzi wake,
mikoba kichwani, viatu vikining'inia shingoni kwa kamba.
Ng'ambo alikuwa Nana Esperidiona, anafua,
ambaye tangu darasa la watu wazima
R yake hutazama nyuma.
R ile niliiona kwenye karatasi. Perlita aliiona kabla yangu.
Lakini kura ni siri.
"Maji yamepanda," akasema mwalimu.
"Yamepanda," akajibu bibi,
akaacha nguo jiweni
akanyoosha mkono kumvuta mtoto wa mwisho.